Wimbo Wenye Nafasi ya Jina

Mlionisoma Jumapili iliyopita mliniacha chini ya meza, nimeikumbatia miguu ya meza yenyewe kama mtoto anayemkumbatia mama yake, Salehe amelala mbele yangu na damu inamtoka sikioni. Wengine mmenitumia ujumbe kuniuliza kama alikufa. Nisikilizeni kwanza.

Kwa ambaye ananisoma leo tu: naitwa Sesilia. Chuoni nilisomea mambo ya sauti, ya kurekodi na kuchanganya, kisha nikarudi nyumbani Shinyanga. Sikuwa na ujasiri wa kuomba kazi redioni, nikaangukia studio ya Salehe, chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge la mama yake kule Kambarage. Tukapendana, tukatengeneza albamu.

Nyimbo zote zilikuwa za zamani, za wachimbaji wa dhahabu wa enzi za babu zetu. Za kuvuta kamba, za kupepeta mchanga, za kumngoja mume asiyerudi. Aliyetuachia ni Mzee Maduhu wa Masumbwe, kabla hajafariki. Salehe alizipunguza mwendo, akaziwekea besi nzito na vinanda vya kompyuta, nami nikaziimba karibu kabisa na kipaza sauti, taratibu, kama mtu anayeungama. Tukaiita albamu Sauti za Chini.

Kilichotuponza ni wimbo wa mwisho. Ule huimbwa mahali pamoja tu: kwenye mdomo wa duara, yaani shimo la kuchimbia, maiti ya mchimbaji inapovutwa kuja juu. Katikati una nafasi. Kiongozi hutaja hapo jina la marehemu. Mzee Maduhu alisema, "Bila jina msiuimbe." Salehe akaona nafasi ile ikiachwa tupu itawasisimua watu, akaijaza mwangwi. Mimi nilitaka kukataa, lakini sauti yangu hutoka vizuri nikiwa naimba tu.

Basi ndio uliopendwa kuliko zote. Ukapigwa redioni, ukapigwa kwenye bodaboda, ukapigwa kwenye vilabu vya pombe kuanzia Shinyanga hadi Geita.

Siku tuliyoizindua albamu Masumbwe, mshereheshaji wetu George aliniinamia sikioni kabla ya wimbo huo. Akasema kuna mchimbaji amefukiwa na udongo juzi kule Mwashepi, amefariki, anaitwa Ignas, niliweke jina lake kwenye nafasi. Nikaona ni jambo la huruma. Nikaanza kuimba. Nilikuwa nimebakiza pumzi moja kufika kwenye jina, mtu mmoja pande la mtu akapanda jukwaani na kipande cha chuma.

Twende sasa.

"Zima!" alikuwa akinguruma. "Zima huo wimbo!"

Chuma kilishuka kwenye mashine ya kuchanganyia sauti. Kikashuka tena kwenye kompyuta, vioo vikaruka. Besi ikaendelea kutoka spikani, duu, duu, maana flashi ilichomekwa upande wa pili. Akaifuata spika akaipiga teke, ikawaangukia waliokaa mbele.

Salehe alikuwa ameanguka kwa pigo la kwanza. Sasa akainuka, mjinga wangu mpenzi, akaenda kuikinga kompyuta kwa mwili wake.

"Kaka, kazi yetu yote imo humu!"

Chuma kikampata begani. Watu hudhani mfupa ukivunjika hulia kama kijiti kikavu. Hapana. Hulia kama mtu aliyekanyaga muwa.

Hapo ukumbi nao ukashikwa na wazimu.

"Ndio hawa waliomfukia kijana!"

"Wimbo wa maiti mmeufanya wa kunywea bia!"

"Watolewe nje wachomwe!"

Viti vikaanza kuruka. Mkono wa mtu uliingia chini ya meza ukanishika nywele, ukavuta, msuko mmoja ukang'oka na ngozi yake. Sikupiga kelele. Mimi nina aibu hata ya kupiga kelele.

Kisha meza yote ikainuliwa ikatupwa, nikabaki nimechuchumaa mbele ya yule mwenye chuma. Alikuwa amekiinua juu ya kichwa changu.

"Umelitaja?"

"Nini?"

"Jina! Jina la mdogo wangu umelitaja?"

"Sija... sijalitaja."

Akashusha mkono. Uso wake wote ukalegea, akaanza kulia, mwanaume mzima, machozi yanachanganyika na jasho.

"Usilitaje," akasema. "Mimi ni Chacha. Ignas ni mtoto wa mama yangu. Ukilitaja jina lake nitakuua kabla hujalimaliza."

Sikupata nafasi ya kumuuliza kwa nini. Jiwe la mtu mwingine lilitoka kwenye umati, likampiga kwenye paji la uso, akaanguka chali. Waliokuja kutupiga sisi wakaanza kumkanyaga yeye.

Nilimburuta Salehe kwa ukosi wa shati hadi mlangoni. Hatukufika. Vijana wawili walituzibia njia, mmoja ana chupa iliyovunjika.

"Dada wa mwangwi, unakwenda wapi? Hebu tuitikie!"

Bastola ikalia nje. Wote wakainama. Pikapu nyeupe ilikuwa imesimama mlangoni, na mzee mmoja wa makamo, shati jeupe, kofia safi, alikuwa akiirudisha bastola yake kiunoni bila haraka.

"Ingia, binti," aliniambia. "Mwenzako watampandisha nyuma."

Watu wake walimpandisha Salehe nyuma kama gunia la mpunga. Nikaingia mbele. Neno moja tu lilinijia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kunywa maji."

Kwenye gari lake ilikuwa ikipigwa albamu yetu. Akapunguza sauti kwa adabu.

"Huu wa kupepeta mchanga ndio naupenda," akasema. "Mama yangu aliuimba. Ninyi mmeufanya usikike kama unatoka kisimani. Nikiusikia nakuwa mtoto."

"Asante, baba."

"Naitwa Pantaleo. Lile duara lililoanguka ni langu. Yule Chacha usimchukie, msiba umemchanganya. Mdogo wake ameshakufa, yeye hataki kukubali."

"Mmemwona?"

"Nimechimba tangu hujazaliwa. Udongo ule haurudishi mtu. Sasa vijana wangu wamekaa juu ya shimo, hawali, hawalali, wanafukua kwa mikono. Ukuta ukishuka mara ya pili utaondoka na wengine. Njoo uwaimbie, umtaje Ignas. Mioyo itulie, tulifunge duara, tumwombee. Nikitoka hapo nampeleka mwenzako hospitali mimi mwenyewe."

"Wazee hawapo wa kuimba, baba?"

"Wapo. Lakini wimbo ule hufungwa na aliyeufungua. Umeufungua wewe, kwenye kila redio na kila bodaboda, ukauacha na tundu. Akiufunga mwingine vijana hawatakubali."

Nikakubali. Nililia kwa ajili ya Ignas ambaye sikumjua, na katika kulia huko, niwaambie ukweli wenzangu, nilijisikia mtu wa maana. Mzee huyu ndiye aliyekuwa mwema kuliko wote niliokutana nao siku ile. Gari kila likiingia kwenye shimo nilisikia Salehe akigonga kioo cha nyuma kwa kichwa. Nilidhani ni maumivu tu.

Mwashepi ni vumbi na maturubai. Watu walikuwa wamelizunguka duara, kimya, matope hadi kwenye nyusi. Nilipoteremka walinitazama kama wanavyotazamwa waliokuja na jeneza.

Mama lishe mmoja, mnene, mikono imejaa masizi, alinifunga kanga kiunoni maana sketi yangu ilichanika.

"Wewe ndiye yule wa redioni?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe kadogo hivi! Kwa sauti ile nilijua ni mtu mwenye makalio yake."

Wanawake wawili watatu wakacheka, hata pale. Kisha akaivuta kanga kwa nguvu, uso wake ukawa karibu na wangu, kicheko kimekwisha.

"Na wewe umekuja kumuua Ignas?"

"Ameshakufa, mama."

"Kakwambia nani?"

"Mzee Pantaleo."

"Njoo huku, mayu, mama yangu."

Jina lake Generosa. Alinipeleka nyuma ya rundo la kifusi, palipokuwa na bomba la plastiki limetoka ardhini, lile la kupitishia hewa. Pembeni yake palikuwa na sufuria na kikombe.

"Weka sikio."

Nikaweka. Mimi kazi yangu ni kusikiliza. Nimefundishwa kutofautisha vumo la waya na vumo la feni. Chini kabisa, mbali, kulikuwa na chuma kinagonga bomba. Kikapumzika. Kikagonga.

"Asubuhi nimemmiminia uji mwepesi humu," Generosa akasema. "Akagonga kushukuru. Pantaleo anawaambia vijana ni mawe yanajipanga. Mawe yanakunywa uji?"

Niliinua kichwa kutoka kwenye bomba.

"Kwa nini basi anataka nimtaje?"

"Chuoni hamkufundishwa? Mtu akishaimbiwa hafukuliwi. Majembe yanawekwa chini, shimo linafungwa. Hata akilia huko alipo, watasema ni kivuli chake kinalia, wataziba masikio. Wote hawa unaowaona, hakuna hata mmoja atakayegusa kamba."

"Lakini ni duara lake, ni mtu wake..."

"Matimba, yale magogo ya kushikilia ukuta, nani kayang'oa? Yamepita mbele ya jiko langu, yamebebwa kwenda kwenye duara jipya. Ignas aliona, akamkatalia mbele ya watu. Kesho yake akatumwa yeye ashuke. Akitoka mzima si atasema?"

Sasa nikaelewa ni nani aliyemtuma George aniletee jina lile, na kwa nini Chacha aliivunja kompyuta. Hakuja kulipiza. Alikuja kuuziba mdomo wangu.

Nikarudi kwa Mzee Pantaleo. Niwaambieni, sijawahi kumkatalia mtu mzima katika maisha yangu. Nilitazama vifungo vya shati lake.

"Baba, sitaweza. Anagonga. Nimemsikia mwenyewe."

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari.

"Wiliam," akaita. "Tupeleke karashani."

Karasha ni mashine ya kusagia mawe. Ikiwashwa husikii hata mtu anayelia pembeni yako. Wakaiwasha. Wakamleta Salehe, wakamlaza kifudifudi juu ya jiwe, bega lake lililovunjika likining'inia. Mkono wake mzima wakaunyoosha mbele yake. Wiliam, kijana mrefu mwenye macho mekundu, alikuwa na nyundo ya kupasulia mawe.

"Huyu ndiye mpiga vinanda?" Pantaleo aliniuliza sikioni, maana kelele zilikuwa nyingi.

"Baba, nakuomba. Nakupigia magoti."

"Kidole kidogo anakitumia?"

"Sesi, usiimbe!" Salehe alipaza sauti, nami nikayasoma maneno midomoni mwake zaidi ya kuyasikia. "Nimejaribu kukwambia njia nzima! Nimewasikia watu wake nyuma ya gari, yule mtu yu hai!"

Nyundo ilishuka.

Sitaeleza sana. Ngozi ilipasuka kama embe lililoanguka, na kilichobaki pale juu ya jiwe kilikuwa kimelala upande, kama si chake. Salehe alifungua mdomo lakini sikusikia kitu, karasha ilikuwa ikisaga. Wiliam akageuka pembeni akatapika.

"Anavyo vingine," Pantaleo akasema. "Mimi sina haraka."

"Nitaimba."

"Usiimbe!" Salehe, midomo tu naiona, uso umekuwa wa majivu. "Nitajifunza kupiga kwa miguu!"

"Nitaimba, baba. Mwachieni."

Wakazima karasha. Tulipotoka nyuma ya turubai tukakuta vita.

Chacha alikuwa amefika. Amekuja na bodaboda nne kutoka Masumbwe, kichwa amekifunga shati, jicho moja limefumba. Watu wa Pantaleo walimpokea kwa masepeto. Nilimwona mmoja akipigwa sepeto la shingo akakaa chini taratibu kama aliyechoka. Mwingine aliyetoka na panga alinyang'anywa, akakatwa nalo mkono wake mwenyewe. Chacha alipita katikati yao kama fahali, akafika kwenye winchi, lile gogo lenye mikono miwili ya chuma ambalo kamba huviringishwa kwalo. Akajifunga kamba kiunoni.

"Nani hapa kazaliwa na mwanamke?" akapaza sauti. "Nishusheni nimchukue ndugu yangu!"

Wachimbaji walitazamana. Vijana wanne, wale waliofanya kazi na Ignas, wakaishika mikono ya winchi. Chacha akatoweka ardhini.

Mmoja wa watu wa Pantaleo akachomoa kisu kuikata kamba. Pantaleo akamzuia.

"Acha. Wakisikia jina watamrudisha wenyewe."

Spika yetu ya akiba, waliyoichukua ukumbini pamoja na flashi, ilikuwa imepandishwa juu ya pikapu. Flashi ikachomekwa. Akanipa kipaza sauti, akasimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu kama baba wa kambo kwenye mahafali.

"Sasa, mwanangu."

Biti ikaanza. Duu. Duu. Ule upepo mnaousikia mwanzoni mwa wimbo si upepo. Ni pumzi ya Mzee Maduhu, Salehe aliigeuza mwisho ukawa mwanzo. Juu yake kinanda kimoja tu, kinapanda na kushuka kama taa ya mchimbaji. Studio nilikuwa nikiusikia nasikia uzuri. Pale nilisikia watu wanavua kofia.

Nikaimba.

*Mvuteni polepole, kamba isimkate,*
*mama yake yuko mbali, upepo usimwambie.*
*Tulimshusha na jina, tunampandisha na jina,*
*enyi mliobaki juu, huyu ni...*

Vijana kwenye winchi walikuwa wamesimama. Kamba imenyooka, Chacha ananing'inia katikati ya mbingu na jehanamu, wao wanangoja kusikia. Majembe yote yalikuwa yameanza kuinama. Generosa alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Karibu na karasha Wiliam alikuwa amemkaba Salehe shingo, nyundo iko mkono wa pili.

Mwangwi wa nafasi ile ni mrefu. Salehe aliupenda mrefu. Nilikuwa na muda wa kutosha kuogopa.

*...Pantaleo.*

Spika ikalichukua jina, ikalirudisha, ikalirudisha tena, hafifu, hafifu zaidi, kama alivyopanga mpenzi wangu kwenye kompyuta yake. *Leo. Leo.*



Pantaleo akacheka kidogo. "Binti kakosea," aliwaambia. "Ana hofu. Rudia, mwanangu."

Mchimbaji mmoja mzee, meno yamebaki mawili, alisogea. Akanyoosha mkono, akamvua Pantaleo ile kofia safi, kwa heshima kabisa, akaiweka chini.

"Unafanya nini, wewe?"

Mzee hakumjibu. Hakumtazama hata usoni. Alimtazama kama tunavyowatazama waliolala kwenye jeneza, kuanzia kifuani.

"Wiliam!" Pantaleo akaita. "Vunja mkono wote huo!"

Wiliam akamwachia Salehe. Nyundo ikaanguka.

"Mimi situmwi na maiti," akasema.

Hapo ndipo nilipopigwa na kitako cha bastola. Mdomo wangu ukajaa damu na kipande cha jino. Nikaanguka, kipaza sauti kikapiga mlio mkali spikani, na juu ya mlio huo nikasikia risasi. Kijana mmoja wa winchi alishika paja lake, akasema, "Jamani," kwa mshangao, akakaa.

Jiwe la kwanza lilirushwa na mzee wa meno mawili.

Kisha yote. Mawe, masepeto, sufuria. Risasi nyingine ikalia, haikumpata mtu, kisha bastola ikawa inatoa mlio mkavu tu. Pantaleo akakimbia kuelekea kwenye makarasha. Umati wote ukamfuata, ukipiga yowe moja. Niliona shati jeupe likishikwa, likichanika, likitoka jekundu mgongoni.

"Hapana!" nilisema. "Jamani, acheni! Sikumaanisha..."

Nilimaanisha nini basi? Tangu siku ile najiuliza. Nililiimba jina la mtu mahali pa maiti, mbele ya watu wenye majembe.

Generosa ndiye aliyepiga kelele. "Winchi!"

Nikageuka. Vijana watatu waliobaki wazima nao walikuwa wamekimbia kumlipizia mwenzao. Mikono ya chuma ilikuwa ikizunguka yenyewe, kamba inateremka inafuka vumbi, Chacha yuko mwishoni mwake.

Nilijitupa. Chuma kilinipiga mkono, kikanipiga kifua, mara ya tatu nikakikumbatia. Generosa akaushika mkono wa pili wa winchi kwa uzito wake wote, akashusha matusi ya Kisukuma ambayo mhariri hatayachapa. Gogo likasimama.

 Kisha sauti kutoka chini, ndogo.

"Nimempata!" Chacha alikuwa akilia na kucheka. "Anapumua! Yuko na mimi kwenye kamba! Vuteni!"

Tukavuta. Gogo halikusogea hata kidogo. Wanaume wawili kwenye kamba moja, nasi wawili, mmoja wetu hawezi hata kubeba ndoo ya maji hadi ghorofani. Salehe akaja anayumba, bega moja limekufa, mkono wa pili unachuruzika damu. Akaulalia mkono wa chuma kwa tumbo. Ukasogea kidogo, ukarudi.

"Vuteni, ukuta unashuka!"

Kutoka ndani kulikuja ngurumo, na vumbi likatemwa kutoka mdomoni mwa duara.

"Watu!" niliita. "Watu, njooni!" Lakini kipaza sauti kilikuwa kimekanyagwa, na sauti yangu bila waya ni ya kuita kuku.

Viganja vyangu vilikuwa vimeanza kuteleza kwa damu. Nikasikia mtu anahema nyuma yangu, na mikono miwili mikubwa ikaja juu ya yangu, ikakamata chuma. Gogo likazunguka. Nusu. Mzunguko mzima. Kamba ikaanza kupanda.

"Asante," nilisema, "asante, kaka," nikageuka.

Alikuwa Pantaleo.

Sikio moja halipo. Shati halipo. Amewazunguka kwa nyuma ya makarasha akarudi, na umati ulikuwa bado unamtafuta kwenye maturubai. Alivuta kama mtu aliyevuta winchi ujana wake wote, na pengine ndivyo.

"Unaona nawavuta?" akaniambia, damu inamtiririkia kinywani. "Wote wawili. Yule mtoto na kaka yake. Unaona?"

"Naona, baba."

"Basi lifute."

"Nini?"

"Jina langu! Wewe umelifungua, wewe lifunge. Wapazie sauti uwaambie umelifuta. Watakusikiliza wewe tu."

Mzunguko mwingine. Nilisikia kikohozi kutoka shimoni, si cha Chacha, cha mtu mwingine, chembamba. Kwenye maturubai mtu akapaza sauti, "Yule kwenye winchi!" Wakaanza kuja. Wiliam alikuwa mbele yao, mikono mitupu.

"Lifute, mwanangu. Nimekuomba. Nakuita mwanangu."

Generosa alinikodolea macho juu ya gogo. Danganya, macho yake yalisema. Salehe naye, tumbo juu ya chuma, aliunda neno lile lile kwa midomo. Lilikuwa neno moja tu. Nimelifuta. Mtoto wa darasa la kwanza angelisema.

Lakini mzee yule alinitazama kama anavyotazama mgonjwa anayemngoja daktari, na mimi mtu akinitazama hivyo ulimi wangu hauna pa kujificha.

"Halifutiki, baba," nilimwambia. "Ningejua namna, ningelifuta."

Alitikisa kichwa polepole, kama aliyelitarajia jibu hilo.

Kisha akaondoa mkono mmoja kwenye chuma, na kamba ikakoma kupanda.